Kidali Po cha Malkia Wawili

Nisonye kwanza, ndipo nianze. Mtsyuuu!

Haya. Desemba 2023, mjini Samarkand, Uzbekistan, kwenye ubingwa wa dunia wa sataranji ya kasi, ile ya dakika chache tu kila mtu, Warusi wawili walikaa mezani: Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi. Wakubwa hao, si watoto wa kujifunzia. Wakapeana mikono, saa ikabonyezwa, ngoma ikaanza. Huyu katoa farasi, yule katoa farasi. Huyu kamrusha wake katikati ya ubao, yule naye kamrusha. Hakuna askari aliyesogezwa hata nyumba moja. Hakuna kete iliyoliwa. Maaskofu na malkia wamefungiwa ndani mwanzo mwisho. Ni farasi tu, wanaruka, wanazunguka, wanarudi zizini. Kisha mabwana wakaafikiana sare, kila mmoja akijihesabia nusu pointi yake, wakainuka.

Mwamuzi hakucheka. Akawapa sifuri wote wawili. Sifuri kwa sifuri!

Habari hiyo ilipofika kijiweni, fundi viatu alipiga kofi la furaha mpaka gundi ikamwagika. "Wamekoma! Watu wamelipiwa hoteli, wanakuja kuchezesha farasi?" Dereva wa bodaboda naye akaunga mkono, ingawa sataranji haijui; yeye huunga mkono adhabu yoyote isiyomhusu. Aliyeniharibia siku ni mwalimu mstaafu. Alimaliza kwanza kikombe chake cha kahawa, akapangusa ndevu, akauliza kwa ile sauti yake ya darasani: "Na wale wa Berlin, mbona hamjawapa sifuri?"

Nikanyamaza. Mzee kashika penyewe.

Kwa ambao hawajawahi kuiona hiyo Berlin, sogeeni hapa niwaonyeshe. Mweupe anasogeza askari wa mfalme nyumba mbili, mweusi naye hivyohivyo. Farasi mweupe katoka, farasi mweusi katoka. Askofu mweupe anapita mpaka b5 kumbana yule farasi. Huo ni ufunguzi wa Kihispania, jina lake linatokana na padri Ruy López wa karne ya 16, umechezwa mpaka umechakaa. Mweusi anajibu kwa farasi wake wa pili, na hapo ndipo mlango wa Berlin unapofunguka. Mweupe anamficha mfalme pembeni kwa ngome, mweusi anakula askari wa katikati. Mpaka hapo ni mchezo halali, una damu ndani yake.

Lakini humo ndani kuna kichochoro. Ukikiingia, kete zinaliwa harakaharaka: farasi wote wawili wa mweusi wamekwenda na maji, mweupe naye kapoteza askofu mmoja na farasi mmoja, na kufika hatua ya 10 malkia wawili wamebaki wanatazamana katikati ya ubao. Malkia mweupe anahamia e4, anamtishia mfalme. Malkia mweusi anakinga kwa kusimama e6. Malkia mweupe anarudi d4. Malkia mweusi anamfuata d6. Mweupe tena e4. Mweusi tena e6. Mweupe d4. Mweusi d6. Picha ileile imejitokeza mara tatu, mwamuzi anaitwa, sare. Hatua 14. Kidali po! Watu wazima, wamevaa koti na tai, wamesafiri bahari na mabara, wanakimbizana kuzunguka mti mmoja kisha wanatia saini karatasi na kwenda kula.

Na usidhani mmoja wao kafikiri hata dakika mbili. Hatua zote hizo kazikariri. Mwenzake naye kazikariri. Wakikaa tu, ukaona askofu kaenda pale na farasi kakaa hapa, unajua tayari nani kachoka, nani ana ndege jioni, na nani anaongoza jedwali na hataki kusumbuliwa.

Sheria nayo, ndugu zangu, inachekesha. Kwenye mapambano ya ubingwa ya miaka hii wamepiga marufuku wachezaji kuafikiana sare kabla ya hatua ya 40. Vizuri sana. Lakini kurudia picha mara tatu hakukatazwi, kwa sababu hiyo ni kanuni ya mchezo wenyewe, haiwezi kufutwa bila kuuvunja. Kwa hiyo huruhusiwi kusema "tuache", ila unaruhusiwa kumpeleka malkia e4 na kumrudisha d4. Mwalimu mstaafu anasema sheria ya namna hiyo imeandikwa na mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, yule wa dawati la nyuma.

Tatizo lilianza wapi? Wengi watasema mashine. Mimi nasema lilianza London mwaka 2000, mashine zikiwa bado changa. Garry Kasparov alikuwa amekalia kiti cha ubingwa tangu 1985, na akiwa na weupe alikuwa moto wa kuotea mbali. Akaja Vladimir Kramnik, kijana mrefu, mpole, akamwekea Berlin. Ulinzi wa zamani, watu walikuwa wameshausahau. Malkia wanatoka ubaoni mapema, mfalme mweusi anapoteza haki ya kujificha, na kila anayetazama anadhani mweusi kaumia. Kasparov akapiga kichwa pale. Akarudi siku nyingine, akapiga tena. Hapakuvunjika. Pambano lilikwisha kwa michezo 15, Kramnik 8.5 kwa 6.5, na Kasparov, Kasparov yule, hakushinda hata mchezo mmoja. Wakaita ule ulinzi Ukuta wa Berlin, na tangu siku hiyo kila mwenye akili akanunua tofali lake.

Niseme wazi: Kramnik mwenyewe simsonyi. Yeye alifikiri. Alitafuta mahali ambapo mbabe hapapendi, akamkalisha hapo. Hiyo ni akili ya vita. Ninaowasonya ni warithi, waliochukua ukuta wakauacha uwanja.

Maana tazama kilichofuata. Ubingwa wa dunia 2018, London tena: Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani. Michezo 12 ya saa ndefu, sare 12. Si utani. Mchezo wa mwisho Carlsen alikuwa na weusi, nafasi yake ilikuwa bora, saa yake ilikuwa bora, na hatua ya 31 akanyoosha mkono kuomba sare. Fundi viatu hajawahi kumsamehe. Kila jina la Carlsen likitajwa anauliza, "Yule wa hatua ya 31?" Carlsen alijua anachofanya, kwenye michezo ya kasi ya kuamua mshindi alimpiga mwenzake 3 kwa 0, kiti kikabaki chake. Lakini ukijumlisha na sare za mwisho za mwaka 2016 New York na za mwanzo wa 2021 Dubai, ubingwa wa dunia ulipitisha michezo 19 mfululizo bila mtu kushinda kwa saa ndefu. Mkata kiu alikuwa mchezo wa sita wa Dubai, wa hatua 136, mrefu kuliko wote katika historia ya ubingwa. Nepomniachtchi, mpinzani wa Carlsen mwaka huo, akafa mle, na baada ya hapo akaporomoka.

Sasa tuje kwenye daftari. Mchezaji mkubwa hafiki mezani peke yake. Nyuma yake kuna wasaidizi watatu, wanne, watano, kila mmoja bingwa kivyake, wamejifungia kwenye nyumba ya kukodi wiki kadhaa na kompyuta zinazochemka usiku kucha, wanachimbua hatua ya 17 ya ufunguzi fulani. Kinachopatikana ni daftari, siku hizi ni faili, na faili hilo linalindwa kuliko hirizi.

Zamani daftari lilikuwa na makucha. Mwaka 1995, ghorofa ya 107 ya World Trade Center, New York, Kasparov alikuwa anapambana na Viswanathan Anand wa India. Sare nane za mwanzo, kisha Anand akashinda wa tisa. Mchezo wa kumi Kasparov akarudi kwenye ufunguzi uleule wa Kihispania, na hatua ya 14 akamsogeza askofu c2, pahali ambapo Mikhail Tal, mchawi wa Latvia, aliwahi kupapendekeza. Kutoka hapo akatoa ngome nzima sadaka. Ngome! Anand kazama kwenye mawazo, saa inakula, Kasparov yeye anajibu papo hapo maana yote alishayapika nyumbani. Mchezo ukaisha, na kwa kweli pambano likaisha. Hilo ndilo daftari ninalolielewa mimi. Umekesha ili mwenzako alie.

Hata ile hadithi ya Frank Marshall ina utamu huo. Wanasimulia, na wengine wanabisha, kwamba Mmarekani huyo alifukia shambulio lake miaka akimsubiri José Raúl Capablanca wa Cuba peke yake, kisha akalifukua New York mwaka 1918. Akatoa askari katikati, akarusha kete zote upande wa mfalme. Capablanca alijua kabisa anaingia kwenye kitu kilichopikwa. Akaingia vilevile, akalipa kila deni moja moja, akashinda. Basi leo shambulio lile lile la Marshall mabingwa wanalitumia kwa nini? Kwa kupata sare! Mweusi anatoa askari mmoja kwa makusudi, anajua kwa hesabu za mashine kwamba hatapoteza, anakaa saa nne akiwa pungufu, anatia saini nusu pointi. Marshall kafukuliwa kaburini akawekwa kuwa mlinzi wa geti. Mtsyuuu.

Hapo ndipo mashine ilipotuharibia, na si kwa namna watu wanavyosema. Watu husema mashine imeua ubunifu. Hapana. Mashine imewaonyesha wote njia salama ni ipi, na mtu akishaijua njia salama, kuiacha kunahitaji roho. Mashine ya Stockfish ni ya bure. Kijana wa duka la simu hapo mbele anayo kwenye simu ya kioo kilichopasuka, na simu hiyo ingemchapa Carlsen asubuhi, mchana na jioni. Kwa hiyo tofauti kati ya tajiri na maskini si kujua hatua bora. Ni kuwa na watu wa kukutafutia hatua iliyo mbovu kidogo tu, mbovu kiasi kwamba mashine inainua nyusi, lakini mwenzako hajaifanyia kazi. Hiyo ndiyo biashara ya ufunguzi siku hizi: unanunua mahali pa kumpoteza mtu njia.

Na kwa kuwa ni biashara, wizi na uzembe haukosekani. Mwaka huohuo wa 2018, pambano la London likiendelea, klabu ya Saint Louis, nyumbani kwa Caruana, ilitoa video fupi ya kumpamba mtu wao. Video nzuri, muziki mzuri, kijana anajiandaa, na kwenye kioo cha kompyuta, wazi kabisa, orodha ya funguzi wanazozifanyia kazi! Petroff imo, na nyingine zimo. Video ikaondolewa mbio, lakini dunia ilikuwa imeshaitazama na kuipiga picha. Watu walilala kwenye nyumba za siri wiki nzima, kisha mtu wa kamera akawaanika uani.

Astana, Kazakhstan, mwaka 2023, ikawa zaidi. Ding Liren wa China alikuwa anagombea kiti alichokisusa Carlsen, mpinzani wake Nepomniachtchi. Katikati ya pambano watu wenye macho makali wakagundua akaunti mbili zisizojulikana kwenye tovuti ya sataranji ya Lichess zimechezeana michezo ya mazoezi yenye funguzi zilezile ambazo Ding anazileta mezani. Ding na msaidizi wake, Richárd Rapport wa Hungary, walikuwa wanajipima hadharani, mlango wazi, wakiamini hakuna atakayepita. Ukitaka kujua Nepomniachtchi alijisikiaje asubuhi ile, fikiria umeokota mtihani kabla ya kuingia chumbani.

Na bado hakushinda! Hapo ndipo napenda kukaa kidogo.

Ding yule ni mtu wa ajabu. Alifika Astana akiwa hajacheza sana, usingizi hauji, mwenyewe alikiri kwamba akili haijatulia. Mchezo wa pili, akiwa na weupe, hatua ya nne tu, akasogeza askari wa pembeni kutoka h2 kwenda h3. Nyumba moja. Hakuna anayefanya hivyo kwenye ubingwa wa dunia. Haishambulii kitu, haitetei kitu cha maana, inamwambia mwenzako tu: faili lako lifunge, tuanze upya. Akachapwa, na kuchapwa vibaya. Wengine wangerudi kwenye ukuta siku iliyofuata. Yeye aliendelea kuleta vitu vya ajabu, anapigwa na kupiga, mpaka michezo 14 ikaisha 7 kwa 7.

Wakaingia michezo ya kasi. Wa nne, wa mwisho, Ding ana weusi, dakika zinakwisha, malkia wa Nepomniachtchi anamtishia mfalme kwa vile vitisho visivyokoma. Sare ipo mezani, unaichukua tu, mnaenda kwenye michezo mifupi zaidi. Ding akachukua ngome yake akaiweka g6, mbele ya mfalme wake mwenyewe, akaifunga isiweze kutoka. Kwa macho ya kawaida ni kujitia kitanzi. Maana yake ilikuwa moja: sitaki sare. Mchezo ulipokwisha, China ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia kwa wanaume. Kijana wa duka la simu alituonyesha ile ngome mara nyingi mpaka chaji ikaisha, na dereva wa bodaboda asiyejua kete akasema, "Huyu mimi ningempakia bure."

Wapo wanaosema dawa ni kutupa ufunguzi wote. Bobby Fischer alilitangaza hilo mwaka 1996 pale Buenos Aires: panga kete za safu ya nyuma kwa kura, mipangilio 960, kila siku mwanzo mpya, na madaftari yachomwe moto. Carlsen na wenzake wakalifufua, wakaliita Freestyle, pesa zikamwagwa. Weissenhaus, kaskazini mwa Ujerumani, Februari 2025, kijana wa Kijerumani Vincent Keymer akawashangaza wakubwa akachukua ubingwa; Las Vegas mwezi Julai mzee wa kazi Levon Aronian naye akachukua. Michezo mitamu, sikatai. Mabingwa wanafikiri kuanzia hatua ya kwanza, wanakuna vichwa mbele ya kamera, na makosa yapo.

Lakini mimi sijashawishika, na kijiwe chote kinajua. Mwaka 1972, Reykjavik, Fischer huyohuyo, mtu aliyefungua kwa askari wa mfalme karibu maisha yake yote na kutangaza kwamba ndiyo hatua bora, alikaa mchezo wa sita mbele ya Boris Spassky akasogeza askari wa c. Ukumbi mzima ukashtuka. Wakaangukia kwenye ulinzi wa Tartakower, ulinzi alioupenda Spassky mwenyewe, na Fischer akamla taratibu, usafi wa kutisha, mpaka Spassky akasimama na watazamaji kumpigia makofi aliyemshinda. Mshtuko ule ungetoka wapi kama kete zingekuwa zimechanganywa kwa kura? Nani angejua kwamba mtu kaacha njia yake, kama hakuna njia? Mshangao unataka mazoea kwanza. Ukiyafuta mazoea, unabaki na mahesabu matupu.

Mwalimu mstaafu hakubaliani nami, tumeshagombana hadi tukanuniana. Anasema nang'ang'ania kumbukumbu za redio.

Basi nikamletea drafti, maana hapo ananielewa. Si hii yetu ya vizibo vya soda, ambayo kingi anakata ubao mzima. Ile ya Waingereza na Wamarekani, kingi wao anatambaa nyumba moja moja. Ugonjwa huu wa sataranji wao waliugua zamani. Mwaka 1863 James Wyllie na Robert Martins walicheza pambano la michezo 40, yote 40 sare, na mingi ikirudia uleule hatua kwa hatua. Walifanya nini? Hawakuchanganya kete. Waliamua funguzi zipigiwe kura. Hatimaye, kuanzia 1934 huko Marekani, hatua tatu za kwanza zikawa zinatoka kwenye kura: karatasi ikisema mnaanza hivi, mnaanza hivi, hata kama upande mmoja umeshabanwa. Kisha mnabadilishana, aliyekuwa na mzigo anampa mwenzake. Drafti hiyo ikaishi miaka mingi ya vita vikali baada ya hapo. Ni mwaka 2007 tu ndipo Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na kompyuta zake walipothibitisha, baada ya miaka 18 ya hesabu, kwamba wote wawili wasipokosea ni sare.

Na mashine za sataranji zenyewe mnajua zinashindanishwaje? Kwenye mashindano yao, yale ya TCEC, haziachiwi zijichagulie ufunguzi, maana zingetoa sare mpaka kiama. Zinapewa funguzi zilizopinda, moja inakaa upande mzuri, nyingine upande mbaya, halafu zinabadilishana. Mashine isiyojua woga inalazimishwa kuingia matatani. Binadamu mwenye mshahara tunamwachia achague kichochoro cha hatua 14. Mwalimu aliposikia hilo alivuta kiti karibu. Hakusema nimeshinda, lakini kiti kilisogea.

Wanorwe wamejaribu njia yao. Kwenye mashindano yao ya Norway Chess, ukishinda mchezo wa saa ndefu unapata pointi 3. Mkitoka sare hamjamaliza: mnakaa tena hapohapo, mchezo mmoja wa haraka uitwao Amagedoni, mweupe ana dakika nyingi zaidi, mweusi ana dakika chache ila sare inahesabika ushindi wake. Anayeshinda hapo anaondoka na 1.5, anayeshindwa na 1. Kidali po bado kinaruhusiwa, lakini baada yake kuna viboko. Inasaidia kidogo. Ningeichanganya na kura ya drafti, funguzi kumi na mbili za hatari kwenye kofia ya mwamuzi, kila mmoja acheze pande zote mbili, na mwenye faili lake la Berlin akalifungie maandazi.

Singapore, Novemba na Desemba 2024, wengi walisema Ding atajificha. Miezi mingi alikuwa amecheza vibaya, na mbele yake kulikuwa na D. Gukesh wa Chennai, mwenye miaka 18, nyuma yake kundi la wasaidizi likiongozwa na Grzegorz Gajewski, Mpolandi aliyewahi kumsaidia Anand. Fungu la zawadi dola milioni 2.5. Mchezo wa kwanza kabisa Ding, akiwa na weusi, akaleta ulinzi wa Kifaransa, jambo ambalo halikutarajiwa, akamshinda mtoto. Faili la Chennai lilikuwa halina ukurasa huo wa kutosha. Wakavutana mpaka wa mwisho, wa 14, pointi sawa. Ding ana weupe, ufunguzi haukumpa kitu, akaanza kubadilisha kete ili afike kwenye michezo ya kasi. Akatoa hata askari ili nafasi ikauke. Gukesh akiwa na askari mmoja zaidi, nafasi ya sare kwa kila mashine duniani, akakataa kuinuka. Anasogeza, anasubiri. Hatua ya 55 Ding akaweka ngome f2. Ngome zikabadilishwa, askofu mweusi akaenda d5, askofu mweupe hana pa kukimbilia, wakabadilishana nao, na kilichobaki ni wafalme na askari, mmoja zaidi upande wa Gukesh. Ding akainamisha kichwa. Ubingwa wa dunia ukahama.

Kramnik akajitokeza kulalamika hadharani kwamba taji halijawahi kuamuliwa kwa kosa la kitoto namna hiyo. Kramnik wa ukuta! Kijiwe kizima kilisonya kwa pamoja, hata muuza kahawa ambaye kwa kawaida hatoi maoni kwa wateja wenye madeni.

Kosa ni la kitoto, sawa. Lakini mtoto huyo alikaa pale saa nne na zaidi kwenye nafasi ambayo wakubwa wenzake wangeshaomba sare na kupiga simu nyumbani. Na tarehe 1 Juni 2025, kwenye Norway Chess hiyohiyo, mjini Stavanger, akamfanyia hivyo Carlsen mwenyewe. Sehemu kubwa ya mchezo Carlsen alikuwa juu, anambana, anamnyonga polepole. Gukesh hana kitu, anashikilia tu, saa za wote zinayoyoma. Hatua ya 52 Carlsen akaruka na farasi akatishia mfalme, na farasi yule ndiye aliyemwangusha. Alipoona, akaipiga meza ngumi, kete zikaruka na kuanguka, kisha akanyoosha mkono, akaondoka akimpigapiga kijana mgongoni.

Watu walimsema sana kwa ile ngumi. Fundi viatu, adui yake wa hatua ya 31, ndiye aliyemtetea. "Mwacheni apige," alisema, huku akivuta uzi kwa meno. "Kwenye Berlin ulishaona nani anapiga meza?"